Msiba wa Taratibu

Taarifa ya kifo cha Lazaro ilinikuta uani, hapa Majimoto, nikigeuza mpunga juani kwa miguu. Aliyeisoma ni mjukuu wangu Pendo, kwenye simu yangu, kwenye lile kundi la watu waliowahi kukaa Shanwe ambalo mtu aliniingiza bila kuniuliza na mimi sijui kutoka. "Bibi, kuna mzee anaitwa Lazaro Mtafsiri, amefariki Sibwesa. Wanazika kesho. Unamjua?" Nikasema simjui. Nilijibu haraka, kama mtoto aliyeulizwa nani kamaliza sukari, kisha nikaendelea kuburuza miguu kwenye mpunga mpaka mwisho wa turubai. Nikasimama pale, uso unawaka. Nimezika mume, nimelea watoto, nimegombana na wanunuzi wa mchele wenye sauti kubwa kuliko yangu, na bado jina la mtu yule linaniwasha uso. Pendo akanitazama. "Bibi, unalia au unacheka?" Nilikuwa naona aibu tu, lakini mtoto wa darasa la sita ukimwambia hivyo atakuuliza ya nini, na hilo ndilo swali ambalo nimelikwepa tangu nikiwa msichana. Jioni nikamwambia aandae nguo zake za kanisani, kesho tunakwenda Sibwesa.

Mwaka aibu hiyo ilipoanza nilikuwa na miaka kumi na tisa, na niliishi Shanwe, mjini Mpanda, katika chumba kimoja na mama yangu mkubwa, Milembe. Alikuwa anaumwa, na hospitali ilitaka awe karibu ili aweze kwenda na kurudi. Kutoka huku kwetu wakati wa mvua ni safari ambayo hata mzima anaugua njiani. Wajomba wakatupangia chumba, wakatuachia gunia la mahindi na mfuko wa michembe, yale makavu ya viazi vitamu ambayo Msukuma hasafiri bila kubeba, wakarudi kwa ng'ombe wao. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha mama mkubwa, mkeka wangu, jiko la mkaa mlangoni, na ukuta wa tofali za kuchoma usiopigwa lipu. Nikipika dagaa, moshi ulikuwa unaingia ndani badala ya kutoka, na mama mkubwa alikuwa analalamika kwamba nataka kumkausha kama michembe. Upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na kibanda cha video.

Vijana wa sasa wenye picha kwenye simu hawajui kibanda cha video kilikuwa nini. Kulikuwa na televisheni moja, deki moja, jenereta nyuma ya choo, mabenchi ya mbao za mninga ambazo hazijapigwa randa, na wanaume. Msichana hakuingia mle. Akionekana akitoka mle amekwisha, maana mama mwenye nyumba wetu angemwona, na akishaona yeye Shanwe nzima imeona. Kwa hiyo mimi picha zote za mwaka ule nilizitazama kwa masikio. Kila siku saa nane mchana jenereta linanguruma, mikanda inaanza, Wazungu wanaongea Kizungu chao, na juu ya sauti zao inakuja sauti ya Lazaro kwenye kipaza sauti, akitafsiri. Alikuwa kijana wa Kibende, mwembamba, mwenye sauti ambayo haikufanana kabisa na mwili wake. Nilikuwa nimefika kidato cha pili, Kiingereza nilikuwa nakiokota kidogo, na hata mimi nilijua kwamba Mzungu akisema maneno matatu Lazaro anatafsiri kwa dakika nzima.

Mfalme wa ukuta ule alikuwa mzee mmoja wa sinema za Marekani, za zamani hizo, ambaye jina lake halisi silijui mpaka leo. Shanwe walimwita Taratibu. Nilisikia kwamba anatembea polepole, anageuka polepole, na hata akichomoa bastola anachomoa kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, lakini anapiga yeye kwanza. Kila picha, adui anapomtisha, Lazaro alimpa jibu lilelile: "Mimi sina haraka." Na kibanda kizima kinajibu, "Taratibuuu!" mpaka vumbi linadondoka kwenye ukuta wetu. Kulikuwa na picha aliyokuwa dereva wa treni, akagoma kuondoka kituoni mpaka mjane mmoja apande na mizigo yake. Lazaro aliijaza vituo vyetu, Kaliua, Urambo, Tabora, nikawa naona mabehewa yetu yale machafu kabisa. Kulikuwa na ile aliyokuwa hakimu wa mji mdogo, aliyehukumu matajiri mchana, kisha akarudi nyumbani kula peke yake. "Sahani moja," Lazaro anasema kwa sauti ya chini, "kijiko kimoja," na mle ndani hakuna anayekohoa. Lakini iliyopendwa kupita zote ilikuwa ya ng'ombe, ambapo Taratibu anaswaga kundi zima kutoka nchi kavu, wanafika kwenye mto uliofurika, na hakuna daraja.

Mama mkubwa Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha bei gani na punguza. Kwa hiyo mimi nilikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, nikawa namtafsiria kwa Kisukuma kile ambacho Lazaro ametafsiri kutoka Kizungu, au kutoka kichwani mwake. Siku ya kwanza ya picha ya ng'ombe aliinuka akakaa kitandani, mtu ambaye kwa majuma nilikuwa namwinua mimi. "Ng'ombe wamevuka?" Nikasema wamevuka. "Na ndama?" Nikasema hawajasema habari za ndama. Akakasirika. "Mtu gani anavusha ng'ombe hatazami ndama! Uliza!" Akapiga ukuta kwa kiganja. "Ndama! Ndama!" Nikamzuia mkono, nimekufa kwa aibu, kwa sababu ndama kwa Kisukuma ni ndama na kwa Kiswahili ni ndama, na mle ndani walisikia wakaanza kucheka. Juma lililofuata picha ile ikarudiwa, na safari hii, kundi likiwa katikati ya maji, Lazaro akasema, "Haya sasa, na ndama je? Tazameni! Mzee amembeba ndama mabegani, maji yamefika shingoni, hamwachi!" Nikamtafsiria mama mkubwa. Akasema, "Ee, sasa ndiyo mtu." Akajilaza, akalala mpaka asubuhi bila kuniita hata mara moja. Mimi nilidhani mara ya kwanza sikusikia vizuri.

Nilichelewa kugundua kwamba anaamini Taratibu ni jirani yetu. Niligundua siku aliponiambia nipeleke michembe upande wa pili. "Yule mzee anakula peke yake kila siku. Hana mtu." Nikacheka, nikamwambia, mayu, yaani mama, yule si mtu wa hapa, ile ni picha. Mama mkubwa alikuwa amewahi kuona picha moja tu maishani, ya harusi ya mdogo wake, iliyotundikwa ukutani kwenye fremu. Akanitazama kama anayefikiria kama homa imenihamia mimi. "Picha inaongea?" Nikasema hii inaongea. "Picha haikohoi," akasema. "Yule nimemsikia akikohoa." Na kweli, Lazaro alikuwa na kikohozi. Ningeweza kuendelea kumweleza, lakini alikuwa ametulia, na mwaka ule siku za kutulia zilikuwa chache. Michembe nikala mwenyewe nje, nikamwambia amepokea na ameshukuru.

Kisha Taratibu akafa. Lazaro alisikia kwenye redio, idhaa za nje, na asubuhi yake akatoa kipaza sauti nje ya kibanda akatangaza kwa maneno yaleyale ya matangazo ya misiba: "Ndugu wananchi wa Shanwe, kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha mzee wetu Taratibu, kilichotokea kwake Marekani. Matanga yatakuwa hapahapa kibandani, siku tatu, tutaangalia picha zake zote bora. Wote mnakaribishwa kumuaga." Watu wakacheka barabarani. Nyuma ya ukuta, mama mkubwa alishika mambo mawili tu: kifo, na Taratibu. Na lile neno Marekani. Kwake yeye marekani ilikuwa nguo, ile nyeupe ya pamba wanayovishwa maiti. "Wamekwisha kumvika marekani," akasema, machozi yakimtoka. "Basi wanazika leo. Umeandaa nini?" Nikajaribu kumweleza tena. Hakutaka kusikia. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Kabula. Tumekaa na mtu yule ukuta mmoja. Wajomba zako wako huko kwenye matope. Tusipokwenda kwa watu, mimi nikifa hapa nani atanizika? Wewe na mama mwenye nyumba?" Hilo ndilo lilikuwa linamnyima usingizi miezi yote ile, na kwa mara ya kwanza alilisema. Hakuogopa kufa. Aliogopa kupelekwa kaburini na watu wanne tu, kama mwizi.

Nikapima unga kwenye beseni dogo, nikafunika kwa kitambaa, nikajifunga khanga kichwani na nyingine kiunoni, nikaenda. Nilizunguka ukuta ule kwa mara ya kwanza. Ndani walikuwa wameweka maua ya plastiki juu ya televisheni na birika la chai kwenye benchi. Vijana walikuwa wanajiliza kwa utani, mmoja amejifunga shuka kama mjane, wengine wanampepea. Nikavua ndala mlangoni. Nikakaa chini sakafuni, miguu nimeikunja, kama ninavyokaa kwenye msiba wowote, nikaweka beseni mbele yangu. "Poleni na msiba," nikasema. "Mama mkubwa anaumwa, hawezi kuja. Anasema poleni sana." Kibanda kikalipuka. Walicheka mpaka yule mjane akadondoka kwenye benchi. "Dada, Mmarekani umemletea unga? Yule anakula mkate!" "Muulize kama kaleta na dagaa!" Nilijivutia khanga usoni, na humo ndani ya khanga nikalia kweli, kwa sababu nilikuwa mjinga mbele za watu, na kwa sababu ya ile hofu yake ya watu wanne.

Lazaro hakucheka. Aliweka kipaza sauti chini, akaja, akachuchumaa, akapokea beseni kwa mikono miwili. "Asante sana, dada. Mwambie mama tumepokea." Kisha akasimama kusoma wasifu wa marehemu, na nadhani alikuwa ameuandaa kwa mchezo, ila ulipotoka haukuwa mchezo tena. Alisema Taratibu alizaliwa kijijini kwenye mahindi, akachunga, akaenda vitani akarudi hataki kusimulia, akaingia kwenye sinema kwa kusindikiza rafiki. Alisema alicheza watu wengi lakini hakuwahi kumcheka mnyonge, hata picha moja. Hapo akawatazama vijana wake. "Nyie mnaosema ni utani, nani hapa hajawahi kutoka humu kwenye benchi akatembea kama yeye mpaka kwao?" Wakainamisha vichwa. Akawasha deki. Ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya pekee ya kumwona Taratibu uso kwa uso, na sikumwona, kwa sababu nilikuwa bado ndani ya khanga. Nilitoka vivyo hivyo, nikipapasa ndala kwa mguu, na mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni kwake ananitazama.

"Watu walikuwepo?" mama mkubwa akauliza. Nikasema wengi. "Walilia?" Walilia. "Unga walipokea?" Kwa mikono miwili, nikasema, na hayo yote yalikuwa kweli. Nje, kwa majuma, vijana walinisalimu "poleni na msiba" kila nilipokwenda bombani, na nikawa nachota maji alfajiri ili nisikutane nao.

Mama mkubwa alifariki mvua zikiwa zimekolea, asubuhi moja, mkono wake kwenye mkono wangu. Barabara ya Majimoto ilikuwa imekatika. Nilituma salamu kwa dereva wa lori ambaye hakuwa na uhakika wa kufika. Mama mwenye nyumba alikuja, na jirani mmoja, na mwanamke niliyekuwa nanunua kwake mkaa. Walikaa, wakanipa pole, wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini nani atachimba. Nilihesabu vichwa nikaona ni walewale wanne aliowaogopa, na mimi nikiwemo. Ikafika saa nane mchana. Jenereta likanguruma, kisha likazimwa. Nikasikia mabenchi yanaburuzwa. Nilipotoka mlangoni niliona kibanda kinahamia kwetu: mabenchi yamebebwa vichwani, birika, sufuria la wali waliokuwa wanauza, turubai la kufunika jenereta. Yule aliyejifunga shuka kama mjane alikuwa amebeba jembe na chepe. Akasimama mbele yangu, ameona aibu kuliko mimi. "Dada, pole na msiba," akasema. "Kaka Lazaro amesema mama alitukalia msiba wetu. Makaburi yako upande gani?"

Alizikwa na watu wengi. Hilo linapaswa kutosha, na kwa miaka sikuliruhusu litoshe. Kwa sababu pale kaburini Lazaro aliniambia niseme wasifu, na mimi Kiswahili chote kilinitoka. Nikasema kwa Kisukuma. Nilisema alipenda michembe, alikuwa mkali, aliogopa kuzikwa na watu wachache. Lazaro alisimama kando yangu akatafsiri, na Lazaro hakujua Kisukuma. "Marehemu alizaliwa kwenye ng'ombe wengi," akasema kwa sauti ile ya ukutani. "Aliwaswaga kutoka mbali. Akafika kwenye mto uliofurika, hakuna daraja. Wenzake wakasema tuache ndama. Yeye akambeba ndama mabegani, maji yakafika shingoni, akasema, mimi sina haraka." Watu wakalia, hata mama mwenye nyumba. Mimi nilitamani kuingia kaburini nimtangulie. Mama yangu mkubwa alikuwa anazikwa kwa picha ya video, kwa mabaki ya msiba wa Mzungu, na vijana wale walijua na mimi nilijua.

Mjomba Maduhu alifika siku tatu baadaye, matope mpaka magotini, akakuta vijana wa kibandani wanaosha masufuria mlangoni kwetu. "Nani amemzika dada yangu?" Sikuwa na jibu jingine. "Watu wa video." Alikaa chini akaziba uso. Kwenye ukoo wetu neno lile halikufa. Binamu akifanya kitu ovyo wanamwambia, na wewe utazikwa na watu wa video. Mimi nilicheka nao. Nilihamia huku na wajomba bila kumuaga Lazaro, na nikija mjini nilikuwa sipiti barabara ile.

Sibwesa tulikuta msiba wa siku hizi, viti vya plastiki vyenye vitambaa, spika kubwa, mshereheshaji mwenye suti. Wasifu ulisomwa harakaharaka: alizaliwa, alilima, aliwahi kufanya biashara ndogondogo mjini, ameacha mjane na watoto. Neno video halikutajwa. Nadhani watoto wake nao walilionea aibu. Nilikuwa nimebeba beseni la unga, Pendo amenuna kwa sababu watu wote wanatoa bahasha. Nikaomba kuonana na mjane. Alikuwa ndani, amekaa kwenye godoro na wanawake wenzake, mama wa rika langu, mnene, macho yamevimba. Nikavua viatu mlangoni, nikakaa chini, nikaweka beseni. Uso ukaanza kuwaka, na nikaisikia sauti yangu ikitoka ileile ya miaka kumi na tisa.

"Poleni na msiba. Mama mkubwa anasema poleni."

Wasichana wawili kwenye kona wakaangaliana, mmoja akaficha kicheko kwenye kitenge. Mjane akaniinamia. "Mama mkubwa yupi, dada yangu?"

"Milembe. Wa Shanwe, nyuma ya ukuta."

Akaweka mkono mdomoni. Kisha akapokea beseni kwa mikono miwili, akalipakata. "Mama wa ndama," akasema. "Ni yule mama wa ndama? Huyu mtu alinisimulia mpaka nikachoka. Alikuwa anasema kuna mama mgonjwa nyuma ya ukuta, alimpigia ukuta siku moja akauliza ndama. Akasema, sikujua nimjibuje, maana kwenye picha hakukuwa na ndama hata mmoja. Nikamwekea."

Pendo alikuwa ameshika bega langu, ananiuliza nini, bibi, nini. Miaka yote ile nilikuwa nimeona haya kwamba walimzika mtu wetu kwa maneno ya Taratibu, na ndama alikuwa wa mama mkubwa tangu mwanzo.

"Alikuwa ananiuliza mimi," mjane akaendelea, akijifuta kwa upande wa mkono, "kama nadhani yule mama alisikia jibu. Hakuwahi kujua. Alisikia?"

"Alisikia," nikasema. "Alilala mpaka asubuhi."